Madebe ya Bi. Zuwena

Vijana wangu wa ofisini, siku ile ya kuniaga mliniomba niandike niliyoyaona kazini. Mkanipa daftari lenye jalada gumu na kalamu mbili, moja haiandiki. Natumia hiyo nyengine. Khabari za vyeo vyangu mtazikuta masjala, kama panya hawajazimaliza. Mimi nitaandika khabari za udongo, kwa kuwa ndio nilioujua, na khabari za bibi mmoja wa Mji Mkongwe ambaye nilitumwa nikamchunguze. Hayo sijapata kumsimulia mtu, hata mke wangu, na yeye alikaribia sana kuyagundua.

Niliingia kazini mwaka 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi. Nilikuwa kijana wa Jang'ombe, mtoto wa mwashi. Najua chokaa na mawe, sijui mche wala mbegu. Ofisi nyingi zilikuwa na meza zilizoachwa wazi, na vijana tukaambiwa tukae. Wenzangu waliziwahi meza. Mimi nilipelekwa kwenye kitalu cha miche nje ya mji, kwa Mzee Pandu.

Mzee Pandu alikuwa mtu wa Makunduchi, mfupi, wa maneno machache, na nusu ya maneno hayo akiyasema kwa Kimakunduchi makusudi ili sisi wa mjini tusifahamu. Siku ya kwanza alinionesha tuta moja akaenda kunywa chai. Nikasema moyoni, leo nitamuonesha bidii. Nikashika jembe, nikaligeuza tuta zima chini juu, juu chini, mpaka jasho likanitoka mgongoni. Aliporudi alisimama akalitazama kama mtu anayetazama maiti.

"Nani kakwambia ulime?"

"Hakuna, mzee. Nimeliona limekaa tu."

"Limekaa tu miaka minne. Mimi ndiye niliyekataza lisiguswe." Akainama, akaokota nyungunyungu aliyekatika vipande viwili, akaniwekea kiganjani. "Huyu ndiye bwana shamba. Wewe ni msaidizi wake. Leo umemkata."

Nilikaa naye miaka mitatu. Alinifunza kunusa udongo na kuutia ulimini, jambo ambalo sikuwaamrisha nyinyi mlifanye kwa sababu siku hizi hatujui udongo umepita wapi. Alinipa chombo ambacho nimekitumia kuliko chochote kilichonunuliwa na ofisi: kijiti cha chuma kilichotolewa kwenye mwavuli mbovu. Unakichomeka ardhini taratibu kwa vidole viwili. Kikizama bila kulazimishwa, udongo uko hai. Kikigoma, unajiuliza kuna nini. Yeye hakutaka udongo uchimbwe kujua hali yake. Alisema hivyo ni kama kumpasua mtu tumbo kujua kama kala.

Mimi sikuyasema hayo mjini. Ofisini tulikuwa tukihimiza watu walime, walime sana, na mtu aliyesema usilime angeulizwa ana maana gani. Miaka ile tulizoea. Mtu akikuuliza khabari unamjibu nzuri, kisha unatazama nani kasikia.

Nilihamishiwa mjini, na mwaka 1970, asubuhi moja, mkuu wangu akaniita chumbani kwake. Nikamkuta na mwenyekiti wa kamati ya mtaa mmoja wa Mji Mkongwe. Nitamwita Bwana Khatibu. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama peke yake, na alikuwa na tabia ya kufunga dirisha kabla ya kusema, hata akitaka kusema kuwa kuna joto.

Akafunga dirisha.

"Kuna mjane wa Kiarabu mtaani kwangu," alisema. "Bi. Zuwena. Mumewe alikuwa na shamba, likagaiwa, na mume mwenyewe kafa. Nyumba ni ya serikali sasa, chini wamepewa watu wengine, yeye kaachiwa vyumba viwili vya juu. Tangu mwaka jana anapandisha udongo. Kikapu kwa kikapu. Unapanda, haushuki. Sasa nakuuliza wewe mtu wa udongo, binadamu anapandisha udongo ghorofa ya pili kufanya nini?"

"Labda kupanda kitu."

"Kupanda au kufukia?"

Alinieleza kuwa mali ya mume yule, dhahabu ya wanawake wa nyumba ile, haikupata kuonekana. Na jirani wa chini, Mama Rehema, amedondokewa na maji kitandani mara mbili. Maji ya nini, ghorofa ya juu, mvua haipo?

"Nenda kamtazame," alisema. "Jifanye bwana shamba."

"Mimi ni bwana shamba."

"Basi hutopata taabu."

Nilikwenda siku ya pili yake. Ngazi za nyumba ile zilikuwa za mbao, zimesimama wima kama ngazi za kuchumia karafuu, na nilipofika katikati nikasikia harufu ya msitu baada ya mvua. Ndani ya nyumba ya mawe, mchana wa kiangazi. Nakiri kuwa harufu ile ilinitia wasiwasi kuliko maneno ya Bwana Khatibu. Mwenye kufukia tu hapati udongo unaonukia vile, na mimi nilitumwa nimtafute mfukiaji.

"Hodi."

"Nani?"

"Bwana shamba, bibi."

Sauti nyuma ya mlango: "Shamba lenyewe mshalichukua. Bwana wake anatafuta nini?"

Alifungua mlango nusu. Alikuwa mwanamke wa miaka kama sitini, mwembamba, kajifunga kanga mbili, mkono wa kulia umepinda kwenye kifundo. Nikamwamkia. "Shikamoo, Bi. Zuwena."

"Marahaba. Nani kakutajia jina langu?"

Nilisema ofisini. Akasema ofisini wapi. Nikasema kilimo. Akanitazama viatu, kisha akanipisha, nadhani kwa kuwa kumkatalia mtu wa serikali kulikuwa na matokeo yake.

Nimezunguka Unguja nzima, nimeingia mabonde ya mpunga na mashamba ya minazi, sijapata kuona bustani iliyonishitua kama ile. Chumba hakikuzidi hatua saba kwa tano. Dirisha moja kubwa la kuelekea mashariki na jengine dogo la uani. Ukuta wote kaupaka chokaa upya ili nuru irudi ndani. Chini ya ukuta, kuzunguka chumba, kapanga madebe ya mafuta, masanduku ya chai, mitungi iliyovunjika midomo, na bafu moja la bati. Humo mlikuwa na mchicha, kotmiri, pilipili, mrehani, na tungule ndogo zenye mbavu kama boga, mimea mifupi inayozaa kwa vishada. Bara wanaziita nyanya. Udongo wenyewe haukuonekana. Juu yake kalaza usumba wa makumbi ya nazi na majani makavu ya mwembe, kama mtu aliyemfunika mtoto shuka.

Jicho la mtoto wa mwashi likaenda kwanza kwenye sakafu. Udongo uliorowa ni mzito, na sakafu zile zimebebwa na boriti. Lakini alikuwa kaviweka vyombo vyote ukutani, pale boriti zinapoingia kwenye mawe, katikati ya chumba kaacha wazi. Kwa hiyo ana akili, nikasema. Na mwenye akili anaweza pia kuficha.

"Unalima na nini?" nikamuuliza.

"Silimi." Akaunyanyua mkono wake uliopinda. "Mkono huu haushiki jembe wala panga. Mchicha ukizeeka naukata shina hapa, usawa wa udongo. Mizizi naiacha humo humo, inaoza, inaacha njia zake. Natia taka za jikoni juu, nafunika, natoboa kwa kidole, natia mbegu. Mwanzo ilikuwa dhiki. Halafu nikaona udongo wenyewe unapenda."

"Na maji?"

"Ya kuoshea mchele. Na hayo unaulizia kwa sababu ya jirani wa chini, sio?"

Nilijifanya kuandika. Alichosema juu ya mizizi kilikuwa neno kwa neno la Mzee Pandu, na hawajaonana hata siku moja. Ningependa kusema kuwa hapo nikamuamini. Sikumuamini, kwa sababu nilikuwa nimeliona sanduku la kona ya ndani.

Lilikuwa sanduku la chai kama mengine, limefunikwa kitambaa cheusi, halina jani hata moja, na liko mbali na madirisha yote mawili. Mtu anayejua kuhesabu nuru namna ile hawezi kuweka chombo cha kupandia pale. Nikalisogelea. Naye akasogea, akasimama mbele yake.

"Na hili?"

"Hilo limepumzika."

"Gizani?"

"Wewe hupumzika juani?"

Niliaga. Mlangoni akanitia mkononi fungu la mchicha na kotmiri lililofungwa kwa ukindu. "Chukua. Usende ukasema hukupewa kitu."

Nyumbani mke wangu aliuliza mchicha umetoka wapi. Nikasema kwa mtu wa kazini. Mwanamke? Mzee. Mwanamke mzee? Akaupika, na ulikuwa mtamu, na kila tonge alinitazama.

Asubuhi yake nikamkuta Bwana Khatibu kakaa kwenye kiti changu. Nikamwambia nilichokiona: ni bustani ya mboga, imepangwa kwa ustadi, maji yatakingwa kwa masinia. Sanduku la kona sikulitaja. Mpaka leo sijui kwa nini. Labda nilitaka nijue mimi kwanza.

Alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akafunga dirisha.

"Mchicha ulikuwa mtamu?" akaniuliza.

Sikuwa nimemwambia mtu. Nilimshuku mke wangu, nikamshuku jirani, nikamshuku hata muuza samaki aliyenikuta njiani na lile fungu. Sikujua, na sijui hadi leo. Ila nilifahamu kuwa mimi nilipokuwa nikimchunguza yule bibi, nami nilikuwa na wangu wa kunichunguza.

"Jumamosi asubuhi tunakwenda sote," alisema. "Kila chombo kitamwagwa. Na atakayemwaga ni wewe, ili nione mkono wako ulivyo mwepesi."

Nilikuwa na siku mbili. Nikimwambia bibi yule, na kweli kafukia kitu, nimeshirikiana naye, na mwaka ule kushirikiana na mtu kama yeye hakukuwa jambo la kuonywa kwa barua. Nisipomwambia, na hakuna kitu, nimevunja chakula cha mtu kwa mikono yangu. Alkhamisi nikatia kijiti changu cha mwavuli ndani ya mkono wa shati, nikapanda zile ngazi tena.

"Jumamosi watakuja kumwaga," nikamwambia kabla hajanipisha.

"Na wewe?"

"Na mimi."

Akakaa kwenye kigoda. Nikamuonesha kijiti, nikamwambia kama ataniruhusu nipime kila chombo bila ya kuchimba, nitaweza kusema kwa kinywa kizima kuwa hakuna kitu. Alikichukua, akakigeuza geuza, akakijaribu kwenye debe la pilipili. Kikazama chote, mpaka kwenye vigae alivyovitandika chini kupitisha maji.

"Nani kakufunza hii?"

"Mzee mmoja wa Makunduchi."

"Basi pima."

Nikapima. Debe baada ya debe, kijiti kilizama kama kwenye siagi. Udongo wa miezi kumi na mbili, haujaguswa na jembe, na ulikuwa laini kuliko wa kitalu chetu. Nikafika kwenye sanduku la kona. Hakunizuia. Alitazama pembeni. Nikainua ncha ya kitambaa, nikachomeka, na kwa kiasi cha shubiri moja tu kijiti kikagonga kitu. Kigumu. Kikalia.

Nyumba ya jirani mtu alikuwa akitwanga.

"Ni nini, Bi. Zuwena?"

"Na nikikwambia ni vigae?"

"Vigae haviko shubiri moja."

Alikuja mwenyewe, akatia mkono wake mzima ndani, akatoa chupa. Chupa ya sharubati, imezibwa kwa nta. Halikuwa na udongo lile sanduku, lilikuwa na jivu, jivu kavu la kuni, na ndani ya jivu mlikuwa na chupa tatu. Akaninyanyulia moja kwenye nuru. Mbegu.

Nilicheka, kwa kuwa pumzi zilinirudi. Yeye hakucheka.

"Mbegu tu?" nikamwambia. "Mbegu ndio unazificha namna hii?"

"Nyinyi ndio wa kwanza wa kufichwa," alisema. "Mwizi anachukua sufuria, anakimbia, anajua kuwa ni mwizi. Nyinyi mnachukua kwa karatasi. Liliposhikwa shamba, walikuja watu wa kilimo na gari, wakang'oa kila nilichokipanda nyuma ya jiko. Wakasema ni cha taifa, kitazalishwa, mtarudishiwa. Vyote vilikufa garini, kabla hawajafika barabara kubwa. Nilibaki na nilichokiweka kwenye kilemba. Tungule hizi nimezikuta kwa mama, na mama kazikuta kwa mama yake. Zinazaa kivulini, chini ya mikarafuu. Ndio maana zinazaa humu. Hakuna nyengine ninazozijua."

Nikamwambia basi nipe chupa nikuwekee mpaka Jumamosi ipite, hakuna atakayezitafuta kwangu.

Hapo ndipo alipocheka. "Nikupe wewe?" Akazirudisha jivuni moja moja, akatandika kitambaa juu yake.

Jumamosi tulipanda watu watano: Bwana Khatibu, wanakamati wawili, mimi, na Mama Rehema wa chini, aliyefuata kwa kuwa dari ilikuwa yake. Bwana Khatibu alizunguka chumba mikono nyuma. Bi. Zuwena alisimama kwenye mlango wa chumba cha pili.

"Mwaga," Bwana Khatibu akaniambia.

"Nimevipima vyote," nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri. Nikamuonesha kijiti. "Udongo huu ukimwagwa unakufa, na kuurudisha ni mwaka. Chagua chombo kimoja, chochote. Nitakimwaga mbele yako. Ikipatikana hata pini ya nywele, nitavimwaga vyote, na jina langu uliandike chini ya lake."

Wale wanakamati wawili walitazamana. Sidhani kama walipenda kubeba madebe. Bwana Khatibu alichagua bafu la bati, kwa kuwa ndilo kubwa. Tukalipindua juu ya mkeka, mimi na mmoja wao.

Udongo haukumwagika. Ulitoka mzima, umbo la bafu, kama mkate wa mofa unavyobanduka, umeshikwa na mizizi pande zote, mweusi, na nyungunyungu wakijificha na mwanga. Harufu ikajaa chumba. Bwana Khatibu aliuvunja kwa kiatu, kipande kwa kipande. Hapakuwa na kitu.

Mama Rehema alichuchumaa, akachukua tonge la udongo, akalinusa. "Huu ndio uliokuwa ukinidondokea? Mbona mzuri?" Kisha akamgeukia Bi. Zuwena, bila ya kutazama mtu mwengine: "Bibi, mimi nilisema maji. Wallahi nilisema maji tu. Dhahabu sikusema."

Pengine yangeishia hapo. Lakini Bwana Khatibu alikwisha kuliona sanduku la kona, na aliniona mimi nikijitahidi kutolitazama. Alivua kitambaa, akazamisha mkono mpaka kiwiko, lile shati lake likawa la kijivu. Akatoa chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akavunja nta, akajimiminia kiganjani.

"Mbegu za nini?"

"Tungule," alisema Bi. Zuwena. "Na mchicha. Na bamia."

"Na mtu anaficha mbegu za bamia kwa nini?"

"Kwa kuwa mnaniuliza hivyo."

Niliogopa angempiga. Hakumpiga. Alizifunga chupa kwenye kitambaa cheusi, akanikabidhi mimi. Zipelekwe ofisini, zipimwe, nimwandikie kama ni mbegu au ni sumu. Nilishuka zile ngazi na chupa kifuani, na mgongoni nayahisi macho ya bibi yule, ambaye siku mbili tu nyuma alikataa kunipa.

Nilipima kama Mzee Pandu alivyonifunza, kwa kitambaa kilichorowa ndani ya sahani. Siku ya saba karibu zote zilikuwa zimeota. Nikaandika ripoti ya kurasa mbili juu ya mboga tatu za kienyeji, nikaigonga muhuri, na Bwana Khatibu aliisoma mara mbili akitafuta kilichojificha baina ya mistari. Hakukipata. Akaniruhusu nizirudishe.

Kabla ya kuzirudisha, nilifungua chupa ya tungule, nikatia kibano kimoja cha vidole viwili ndani ya karatasi, nikaikunja, nikaitia mfukoni. Nilijiambia ni kwa ajili ya jaribio. Jaribio lilikuwa limeshakwisha.

Bi. Zuwena alizimimina kwenye sinia, akazitandaza kwa kidole.

"Zimepungua."

"Nimezipima, bibi. Nyengine zimeota."

"Zilizoota ziko wapi?"

"Zimekufa."

Alizikusanya, akazirudisha chupani. Kisha akanikaribisha chai, na tukalijaza bafu upya, mimi, yeye na Mama Rehema: vigae chini, makumbi juu ya vigae, udongo, samadi ya mbuzi iliyokaa, majani. Mama Rehema aliuliza kila kitu mara mbili. Mwezi uliofuata alikuwa na madebe manne dirishani kwake, na hakudondokewa tena. Ama mimi, kila nilipopita nilikaribishwa, na kila nilipokaribishwa ile karatasi ilinichoma mfukoni, ingawa haikuwa tena mfukoni. Ilikuwa kitaluni.

Nilimpelekea Mzee Pandu mbegu zile azioteshe. Alizitazama, akauliza nimezipata wapi. Kwa bibi mmoja wa mjini.

"Kakupa?"

Nikainama kutazama miche. Alizipanda, lakini siku ile hakunipa mkono wa kuagana.

Mwaka mmoja na kitu baadaye vyakula viliadimika, watu wakisimama foleni kutoka alfajiri. Mkuu wangu akakumbuka ile ripoti. Watu wa mjini wafundishwe kupanda mboga ndani ya nyumba, akasema, na mwalimu yupo. Tukafanya maonesho kwenye uwanja wa skuli moja. Nilipanga madebe kumi na mawili ya tungule, zimezaa vishada, na nikawafundisha watu waliojaa: matundu yatobolewe ubavuni, vidole vitatu kutoka chini, udongo usilimwe, shina likatwe, mizizi iachwe. Bwana Khatibu alihutubia. Alisema huu ni utaalamu mpya uliobuniwa na wataalamu wetu. Watu wakapiga makofi, nami niliyapokea.

Sikumuona alipoingia. Nilimuona alipokwisha kufika mbele, na Mama Rehema pembeni yake. Alichuma tungule moja bila ya kuomba ruhusa, akapitisha kidole gumba juu ya mbavu zake, moja baada ya moja.

"Bwana shamba," alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Tungule hizi asili yake wapi?"

Bwana Khatibu alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Mkuu wangu alikuwa kwenye kiti. Lilikuwa neno moja tu, jina lake, na hata leo siamini kuwa lingenidhuru. Labda ningeulizwa maswali mawili matatu.

"Za ofisi, bibi."

"Za ofisi."

"Naam."

Nilikuwa nikigawa mbegu kwenye vikaratasi vyenye muhuri. Alinyoosha ule mkono wake uliopinda, nikamtilia kimoja. Akakitazama muhuri, akamgeukia Mama Rehema. "Chukua wewe, mwanangu. Mimi nnazo."

Tangu siku ile hakunifungulia tena. Nilipiga hodi mara tatu, siku tatu mbalimbali. Kila mara nilisikia nyayo zikija mpaka mlangoni, zikasimama, kisha zikarudi zilikotoka. Alifariki nikiwa masomoni bara. Mama Rehema aliniambia kuwa mpaka mwisho hakupata kumtaja mtu kwa ubaya, ila kila akipewa kitu na mtu wa ofisini alikihesabu mara mbili.

Tungule mnazozioteshea watu wa mitaa ya Ng'ambo na vijiji vyote mpaka Nungwi, zile mnazoziita kwa nambari kwenye kitabu cha kitalu, ndizo hizo. Nambari ile niliiandika mimi. Nakuombeni mmoja wenu aifute, aandike Zuwena.

Najua mtaniambia, mzee, lakini uliziokoa. Hapana. Hazikuwa zimepotea. Zilikuwa ndani ya chupa, chupa ndani ya jivu, ghorofa ya pili, na mwenyewe alikuwa akijua zilipo.